Mambo ya Mungu na Mambo ya Kamiyo

Nianze na ile ya haya kabisa, kusudi musinisumbue nayo kisha: patalo yangu ilianguka mpaka chini mbele ya juge, mukono ya kuume juu, mukono ya kushoto juu ya Biblia, na miye nikiwa katikati ya kusema "ninaapa mbele ya Mungu". Tribunal, korti ya Butembo, ilikuwa imejaa. Kulikuwa bamama ya soko, basoda na bunduki yabo, bamaseri mbili na rozari yabo, na catéchiste wa parokia yetu. Bote baliona kaleso yangu, ile nguo ya ndani ya patalo. Na kaleso yenyewe, mama yangu aliishona na mufuko ya unga ya musaada, juu wakati ya vita kitambaa ilikuwa ngumu kupata. Kule nyuma, pale mutu anaikalia, maandiko ya mufuko ilikataa kutoka hata ufue na sabuni gani. Ilikuwa imeandikwa kwa Kifaransa, na herufi kubwa: zawadi, haiuzishwe.

Batu balicheka mpaka juge akapiga meza. Na yeye mwenyewe niliona ndevu yake inatetemeka.

Sasa na benu mumecheka. Muzuri. Mais patalo haikuanguka yenyewe. Iliangushwa na sheria, na ile sheria haikuishia kwa patalo.

Kwa masomo, miye niliishia njiani. Bazazi balinituma seminari ndogo, balikuwa banataka padiri ndani ya jamaa. Mwaka ya tatu bapadiri bakanirudisha nyumbani juu nilikuwa ninachekesha benzangu wakati ya misa. Njo maana rafiki yangu, mwenye kamiyo, alikuwa ananiita Padiri Nusu. Yeye alikuwa mwislamu wa Beni, na nyumba yake Bungulu. Baba yake alikuwa mutu wa kamiyo, lori ya mizigo, na yeye akafuata. Miye nilikuwa convoyeur wake: kupakia, kufunga bashi juu ya mizigo, kuruka chini kwa mulima na kutia kipande ya muti nyuma ya gurudumu, kisha kupanda tena na kuimba. Siku ya kulipwa nilikuwa ninamuita Patron. Siku zingine zote nilikuwa ninamuita Shehe.

Kamiyo yake ilikuwa ya buluu. Mbele, juu ya kioo, baba yake aliandikisha maneno mbili: MUNGU ANAJUA. Ile kamiyo njo ilikuwa shamba yake, ng'ombe yake, kila kitu. Ilikuwa inalisha bibi yake, na batoto, na mama yake mugonjwa, na miye tena, mwenye nilikuwa ninakula kama niko na ndugu ndani ya tumbo.

Siku moja tulitoka Eringeti na muchele na mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya mawese. Basoda bakatusimamisha. Habakuomba hata pesa ya sigara; hapo njo nilijua hali ni mubaya.

"Bokita! Bokita nyonso!"

Lingala ya basoda haina tafazali. Tukashuka. Rafiki yangu akasogea polepole, mikono wazi, akauliza mukubwa yabo:

"Mon commandant, kamiyo inaenda wapi?"

"Inaenda kwa mapinduzi."

"Na itarudi wakati gani?"

"Wakati mapinduzi itamalizika."

Miye na kinywa yangu yenye haina mulango, nikasema: "Basi, commandant, utuachie hata kopo moja ya mafuta, tutajipakaa tukingojea." Nilipata kofi mpaka sikio ikalia kama kengele ya parokia. Tulifika Beni na miguu. Tulipoona mataa ya kwanza ya muji njo alisema tu: "Padiri Nusu, ile kopo ya mafuta, kweli ulikuwa unaitaka?" Nikasema ndiyo. Akacheka kidogo, kisha akakaa chini kwa njia na akalia.

Miezi ilipita. Tukaona kamiyo yetu Butembo, mbele ya magasin, duka ya mufanyabiashara, commerçant moja mukubwa, inapakua madesu, maharagi ya kutoka Kayna. Ilikuwa imepakwa rangi ya majani. Mais mutu anajua kamiyo yake vile anajua mwendo ya mama yake. Na tena yule commerçant alifuta kila kitu, ila ile MUNGU ANAJUA hakugusa. Nafikiri aliogopa. Alikuwa mutu wa kanisa kabisa, misa ya asubuhi kila siku, benchi ya mbele, rozari ya kuangaza. Mabati ya parokia, nusu ni yeye alinunua.

Rafiki yangu akaenda kumuona na heshima yote.

"Papa, jambo. Samahani, hii kamiyo ni yangu."

"Mutoto yangu, hii miye nilinunua kwa serikali."

"Serikali gani, Papa?"

"Ile yenye bunduki."

Kwa vita nzima sikusikia jibu ya kweli kupita ile.

Mulazimu mujue vile tulikuwa. Wakati ule sisi ba Beni na Butembo tulikuwa na serikali yetu pembeni, ya waasi. Na waasi benyewe balikuwa banapigana kati yabo: leo huyu anaikala kwa kiti kule Beni, kesho mwengine anamusukuma. Unaamuka asubuhi, unafungua radio kujua ni nani anakutawala, kisha unaenda kutafuta sombe ya kupika. Basi kulitokea mukubwa mupya mwenye kupenda sana Mungu. Akatosha décret, amri ya serikali. Ilikuwa inaanza hivi: "Mbele ya Mungu Mwenyezi aliyetuumba, na mbele ya wananchi." Kisha ndani yake, kulikuwa article moja, kifungu, iliyosema kila motokari basoda balinyanganya batu itarudia mwenye mali, hata kama ilishauzishwa.

Tuliisikia kwa radio, Bungulu, kwa nyumba ya rafiki yangu. Akaruka.

"Umesikia? Imeanza na jina ya Mungu! Ni kama bismillahi! Mutu akianza kazi na jina ya Mungu hawezi kuimaliza na uongo."

"Shehe," nikamwambia, "miye nilisoma seminari. Nilionaka kazi mingi zinaanza na jina ya Mungu."

"Nyamaza weye, Padiri Nusu. Kesho tunaenda tribunal."

Tukaenda. Tukapata avocat, wakili kijana, koti yake kubwa kumupita. Tulifikiri kesi itakuwa fupi: sheria iko, kamiyo iko, hata chini ya ile rangi ya majani ukikwaruza na kucha unaona buluu. Kumbe avocat ya yule commerçant alikuwa fundi. Alisimama, akavuta mikono ya joho yake, akasema na sauti ya upole:

"Monsieur le juge, kamiyo miye ninaiacha kando."

Kamiyo njo ilituleta pale, yeye anaiacha kando!

"Ninasema juu ya Mungu. République ni laïque, serikali haina dini. Andiko yenye kuanza na jina ya Mungu, hiyo ni sala, haiko sheria. Na sala, hata ikiwa muzuri namna gani, haiwezi kunyanganya mutu mali yake. Mungu akiwa ndani, décret nzima ni bure, article zake zote."

Avocat yetu akajibu kama Mungu iko kwa mulango tu, na article iko ndani ya nyumba. Huwezi kubomoa nyumba juu haupendi mulango. Juge akauliza: "Na huyu Mungu wa décret ni wa nani? Wa bakatolika? Wa baprotestanti? Wa bislamu?" Mama moja ya soko, aliyekaa nyuma na kitunga yake ya mboga ya lengalenga, akasema kwa nguvu: "Ni Nyamuhanga, Mungu wa bababu! Alikuwa hapa mbele ya benu bote na makoti yenu!" Batu bakapiga mikono. Juge akaogopa. Alikuwa mutu mwoga, simulaumu, wakati ule bajuge balikuwa banaamuka asubuhi na shingo na habajue kama itafika mangaribi. Akasema swali ya Mungu itaenda Beni kwa bakubwa, batujibie.

Siku ya pili yake muji nzima ilijua: kuko mutu anataka kutosha Mungu ndani ya sheria.

Hakuna mutu aliuliza juu ya nini. Kamiyo haikuwa ndani ya habari. Kwa makanisa balisema, kwa soko balisema, kwa bale banakunywa kasiksi balisema na hasira zaidi. Sisi Banande, batu ba Beni na Butembo, unaweza kutunyanganya ng'ombe, tutanungunika na kuchunga ingine. Mais ukigusa Mungu, tunafunga magasin. Na kufunga magasin Butembo haiko kitu ndogo, kule hata mutu akifiwa anauliza kwanza ni nani atabakia kwa comptoir ya duka.

Kukapangwa matembezi ya kutetea Mungu. Na nani alinunua kitambaa ya banderole, ile ya kuandikia maneno? Yule commerçant wa kamiyo. Ninaapa, na safari hii patalo yangu imefungwa: avocat yake alikuwa ndani ya tribunal anasukuma Mungu inje, na yeye mwenyewe mbele ya muji anavuta Mungu ndani. Nikamuonyesha Shehe.

"Ona yule, na rozari yake!"

Shehe alifurahi. "Muache atembee. Bakristu bote ba Butembo banatembea juu ya kamiyo yangu, na habajue. Mungu akibakia, na article inabakia. Na weye enda, piga sauti."

Donc nikaenda. Balinipa megaphone juu sauti yangu njo kitu seminari haikuniondolea. Tulitembea muji nzima, na baridi ile ya Butembo ya asubuhi, tukiimba. Miye mbele: "Mungu abakie!" Na batu nyuma: "Abakie!" "Mungu abakie!" "Abakie!" Ilikuwa tamu, siwezi kukataa. Nilikuwa ninajiona kama askofu. Tulipofika mbele ya magasin ya yule commerçant, nikaona kamiyo, kioo yake inanitazama, na MUNGU ANAJUA juu. Kinywa ikafunguka yenyewe:

"Mungu abakie!"

"Abakie!"

"Na kamiyo irudi!"

"Irudi!" Bamama ya soko balijibu kwanza, kisha kicheko ikapanda njia yote. "Irudi! Irudi!"

Haikupita hata wimbo moja. Mukubwa wa basoda bale balikuwa banachunga matembezi akanishika kwa shingo.

"Weye! Unachanganya mambo ya Mungu na mambo ya kamiyo!"

"Mon commandant, ni vile vimeandikwa pamoja ndani ya..."

"Hapa tunatetea Mungu tu!"

Commerçant alikuwa karibu. Akatikisa kichwa na huruma, kama mutu anaona mulevi kwa matanga. "Mumupeleke, bana yangu. Huyu anatuaribia sala."

Na benzangu ba matembezi? Balichukua megaphone kwa mukono yangu, bakaendelea. Nilibasikia mpaka ndani ya kasho, jela ya basoda: "Mungu abakie! Abakie!" Kwa mulango ya kasho banakutosha mukaba na kamba ya bilatu, banasema ni kusudi usijinyonge. Patalo ile ilikuwa ya kaka yangu mukubwa, mutu munene. Bila mukaba haikuwa patalo, ilikuwa tente ya kulalia.

Asubuhi, bila kunawa, bakanipeleka tribunal, juu miye njo nilikuwa shahidi wa rafiki yangu. Hakukuwa mwengine aliyeona Eringeti. Mukaba balisema batanirudishia kisha. Niliingia nikishika patalo na mukono ya kushoto. Shehe alikuwa kwa benchi na kanzu yake ya ijumaa, amefunga mukaba mupana juu, na bibi yake kando. Aliniangalia na macho ya mutu mwenye anakupa mutoto yake umubebe kuvuka muto.

"Shahidi," juge akasema, "inua mukono ya kuume."

Nikainua. Avocat ya commerçant akaruka.

"Ninapinga! Aape mbele ya République tu. Swali ya Mungu ingali Beni, jibu haijakuja."

Avocat yetu naye: "Mpaka jibu ikuje, décret inaishi! Aape mbele ya Mungu."

Bakaanza. Wa kwanza akaleta kitabu, wa pili akaleta kitabu. Mukono yangu iko juu. Moja anasema dunia nzima serikali na kanisa balishaachana, mwengine anasema baachane kule kwabo, hapa bangali bibi na bwana. Mukono yangu ingali juu. Kisha yule fundi akasema: "Na tena huyu ni shahidi wa mwislamu. Mukimuapisha na Mungu, ni Biblia ao Korani?"

"Miye niko mukatolika, Monsieur le juge!"

"Weye nyamaza," juge akasema. "Hauwezi kusema kitu mbele ya kuapa."

Batu bote ndani ya ile chumba balikuwa na haki ya kusema juu ya Mungu wangu, ila miye. Mwisho juge akachoka, akafuta jasho.

"Biblia. Ataapa na Biblia, tumalize. Shahidi, weka mukono ya kushoto juu."

"Monsieur le juge, mukono ya kushoto iko na kazi."

"Kazi gani inapita Biblia?"

Mutu wa seminari, hata wa nusu, hana jibu kwa ile. Nikaweka mukono juu ya Biblia, nikavuta pumzi ndani kusudi tumbo ishikilie patalo, na mpaka "ninaapa" ilishikilia. Mais kwa kusema "mbele ya Mungu" mulazimu utoshe pumzi.

Ile ingine munajua.

Kitu yenye hamujue ni hii: Shehe peke yake hakucheka. Aliamuka pale kwa benchi, akapita kati ya bale balikuwa banapangusa machozi ya kicheko, akainama mbele ya muji nzima, akapandisha patalo yangu na mikono yake. Kisha akafungua mukaba yake, akanifunga, akaikaza na goti, sawa vile miye nilikuwa ninafunga bashi ya kamiyo yake. "Sema sasa," akaninongoneza. "Sema yote."

Nikasema yote. Eringeti, basoda, "mapinduzi itamalizika", kofi, rangi ya buluu chini ya rangi ya majani. Nilisema muzuri, sijawahi kusema muzuri vile. Hakuna aliyesikia. Batu balikuwa bangali banakumbushana kaleso, na fundi yule, kila nikifika pahali pa maana, alikuwa anakohoa kidogo na kuangalia mukaba, na kicheko inaanza upya.

Jibu ya Beni ilikuja na radio. Bakubwa balisikia kilio ya wananchi, ilisema. Jina ya Mungu inabakia ndani ya décret, na hakuna mutu ataigusa tena. Ila ile article ya motokari, juu inaleta kisirani kati ya wananchi na basoda wao, wameitosha.

Makengele ililia Butembo nzima. Batu bakatoka kwa njia, bakakumbatiana. Hata miye, sitaficha, ile sekunde ya kwanza nilipiga mikono. Mukono ilipokutana na mwenzake njo nilisikia mwisho ya maneno.

Juge alifunga kesi siku ileile. Article hakuna, kesi hakuna. Na yule commerçant akaombesha misa ya shukrani, juu Mungu alishinda. Chorale, baimbaji ba parokia, ilienda kwa misa ndani ya kamiyo. Ya kwetu. Balipita karibu na miye bakiimba, na MUNGU ANAJUA mbele, na catéchiste akanipungia mukono: "Panda, Padiri! Kungali nafasi!" Nilikaza mukaba ya Shehe, nikageuka, nikaenda na miguu.

Ilinichukua wakati mbele ya kurudi Beni. Nilisikia haya, na haikuwa tena ya patalo. Nilimukuta Bungulu, kando ya njia mbele ya nyumba yake, na pompe, anajaza upepo ndani ya baiskeli za batu. Bibi yake alikuwa anakaanga mandazi kwa kivuli ya ukuta. Mama yake mugonjwa hakuwa tena. Alinipa kigoda, akanimiminia chai, na miye nikaikunywa moto, ikaniunguza, nikasema ni muzuri.

"Patron," nikasema, na haikuwa siku ya kulipwa. "Sisi bakristu tulipiga makelele sana juu ya Mungu. Kamiyo tukaiacha kando. Tulifanya kazi ya yule avocat, na bila mushahara."

Akaendelea kupompa. Nikashika kiuno.

"Na mukaba yako. Nilikuja nayo, niirudishe."

"Bakia nayo. Weye unaihitaji kupita miye."

Mwenye baiskeli akalipa, akaenda. Shehe akaweka pompe chini, akapangusa mikono kwa patalo yake. Mara ya kwanza tangu Eringeti, niliona kicheko inamukuja kwa uso, ile ya pembeni, yenye haifike kwa macho.

"Padiri Nusu," akasema, "ile siku niliangalia tribunal yote, kitu kwa kitu. Juge, avocat, décret, hata jina ya Mungu. Kitu moja tu pale ndani ilikuwa imeandikwa haiuzishwe, na ilikuwa matako yako."